Yule kuku niliyemfunga Simba shingoni

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia. Mbwa wake wa miezi 9 ameua vifaranga wanne, na jirani amemshauri amfunge mbwa huyo kifaranga mmoja aliyekufa shingoni mpaka aoze, eti mbwa atakinai. Anauliza kama dawa hiyo inasaidia. Niliusoma ujumbe, nikaweka simu chini, nikatoka nje kumtazama mbwa wangu Simba alivyolala mlangoni mwa banda. Maana mimi dawa hiyo nimeitumia.

Nilikuwa na mitetea 11 na jogoo mmoja. Simba alikuwa na miezi 8, umri ambao mbwa ana mwili wa mtu mzima na akili ya kitoto. Asubuhi moja niliacha komeo la banda wazi, nikaingia ndani kupokea simu. Kutoka nje, mitetea saba imelala uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyeliwa. Simba akanijia mbio, mkia unacheza, manyoya yamemjaa mdomoni, anangoja asifiwe.

Nilimpiga. Nilimpiga kwa namna ambayo sitaisimulia hapa. Kisha nikachukua mmoja wa wale kuku nikamfunga shingoni, akakaa naye siku tatu. Inzi walijaa, nyumba nzima ikanuka, na nilipomfungua alikuwa ananikimbia kila nikiinua mkono, hata nikiinua kuanika nguo. Wiki mbili baadaye akaua wa nane. Safari hii alisubiri kwanza nitoke nyumbani.

Hapo ndipo nilipojua somo aliloshika: ukitaka kuku, hakikisha mwenye nyumba hayupo.

Mbwa huunganisha adhabu na kile anachokifanya sekunde ileile. Mzoga wa jana haumkumbushi kosa. Kwake ni nyama iliyofungwa pabaya, mdomo hauifikii. Na wale saba hawakuliwa kwa sababu Simba alikuwa anacheza. Kuku akitimka na kupiga mabawa, mbwa mchanga hawezi kujizuia: hutazama, hunyatia, hukimbiza, hukamata. Ukingoja akimbize ndipo upige kelele, umeshachelewa. Kazi yote iko kwenye kutazama.

Nilianza upya na kamba ya mita 2. Tulisimama nje ya wavu, mbali kiasi kwamba anawaona kuku na bado anaisikia sauti yangu. Kwetu ilikuwa kama hatua 20. Akiwatazama, kabla hajakaza shingo, namwita jina. Akinigeukia, kipande kidogo cha nyama. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni, tena baada ya kumtembeza ili nguvu zimpungue. Majirani walicheka. Mmoja aliniuliza kama kuku nao nawalipa.

Jifunze kuusoma mwili wa mbwa wako, maana mwili hutangulia kusema. Masikio yakisimama mbele, mdomo ukifumba ghafla na mwili ukakauka kama mti, umemsogeza karibu mno. Rudi nyuma hatua kadhaa. Akinusa ardhi au akijilaza ubavu bila kuambiwa, hapo mnaelewana. Narudia: usingoje akimbize.

Miezi minne iliyofuata sina cha kusimulia. Siku zote zilikuwa hivyohivyo, nasi tukapunguza hatua. Kisha tukaingia ndani ya uzio akiwa anaburuta kamba ya mita 10, ili nikihitaji niikanyage tu. Siku mtetea mmoja alipompita puani akiparua mchanga, na Simba akanigeukia mimi kungoja nyama yake, nililia.

Watu hunitumia picha za mbwa wakubwa weupe wanaolinda mifugo, wakidhani siri iko kwenye mbegu. Mbegu inasaidia, sikatai. Kule Australia, kwenye kisiwa cha Middle Island, mbwa aina ya Maremma walianza kulinda pengwini dhidi ya mbweha mwaka 2006, na wazo lilitoka kwa mfugaji aliyekuwa akiwatumia kulinda kuku wake. Lakini hata mbwa wa kazi hiyo hukuzwa kati ya mifugo tangu wakiwa wadogo, na mara nyingi hukaribia miaka miwili kabla hawajaaminika peke yao. Wewe wako ana miezi 9, hajafundishwa lolote, umemwacha na vifaranga, halafu unamwita muuaji.

Ndiyo, nimekasirika. Tunataka mlinzi wa bure. Tunataka mbwa azaliwe anajua kwamba kuku huyu ni wetu na yule mwewe si wetu, na dakika 10 za siku tunaona nyingi. Kama huna dakika hizo, weka wavu imara na komeo linalofunga, umalize kesi. Wapo mbwa ambao hata ukiwafundisha mwaka mzima hawataaminika na kuku, na hao nao wavu unawatosha. Na ukiwa na mbwa wawili, mfundishe kila mmoja peke yake. Wawili wakiwa pamoja hutiana ujinga.

Simba sasa hubweka mwewe akizunguka juu, na mitetea imejifunza kukimbilia kichakani ikisikia sauti yake. Mmoja hutaga kwenye kibanda chake, naye husimama nje akingoja mama amalize. Hata hivyo nikisafiri namfungia upande wake. Vifaranga wa siku za kwanza sijawahi kumwachia bila mimi kuwepo, wala sina mpango huo.

Ndugu uliyeniandikia, kama umeshamfunga, kamfungue huyo mbwa usiku huuhuu. Mzoga uzike. Kesho asubuhi chukua kamba, simama mbali. Simba wangu ana miaka 5 sasa, na nikianika nguo bado huinamisha kichwa.