Re: Shōgun ilipata Emmy 18 ama 4?

Ndugu yangu wa Nakuru, zote mbili ni kweli, usibishane na huyo beshte yako juu ya Emmy (tuzo za TV za Marekani) ngapi ilipata Shōgun, ile tamthilia ya Japani ya zamani. Hiyo usiku ya 15 Septemba 2024 yenye sherehe ilionyeshwa kwa TV walibeba 4 tu: tamthilia bora, muongozaji bora, halafu Hiroyuki Sanada na Anna Sawai wakachukua za mwigizaji mkuu. Zile 14 zingine zilikuwa zimeshapeanwa wikendi ya kabla, kwa sherehe ya mafundi, watu wa mavazi, nywele, kamera, sauti, uhariri, hao wote ambao hukosa kuonekana na kazi ni yao. Ukijumlisha ni 18, na hakuna show ingine imewahi kupata hivyo kwa msimu mmoja, rekodi ya zamani ilikuwa 13 ya tamthilia ya John Adams 2008.

Na vile uliuliza mbona sherehe za Emmy zilikuwa mbili mwaka huo wa 2024, ile ya Januari ilikuwa ya 2023, ilisukumwa mbele juu ya mgomo wa waandishi na waigizaji.

Huku Kisumu ilikuwa saa tisa usiku na mimi nilikesha, Sawai alikuwa ashaanza kulia hata kabla jina lake liitwe, mpaka nikalengwalengwa na machozi. Kitu ya maana kwangu ni hii: sehemu kubwa ya hiyo show watu wanaongea Kijapani, Wamarekani wakasoma maandishi chini ya skrini na bado wakaipigia kura. Sa nani atatuambia tena Kiswahili ama Dholuo haiwezi kuuza nje?