Siye yule wa mwezini

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Juzi kwenye simu uliniuliza, huyo Armstrong niliyekuwa nikimtaja kila nikifungua redio pale kibandani, ndiye yule wa mwezini? Nilicheka hadi vocha ikaisha. Siye. Huyu ni Edwin Howard Armstrong wa New York, aliyezaliwa 1890. Mwezini hakufika, ingawa kupanda minara alikupenda mno.

Unazikumbuka zile koili ndogo za ndani ya redio, vile vizungusho vya waya nilivyokukataza kuvigusa: nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi? Asili yake ni yeye. Mwaka 1918, akiwa Paris na jeshi la Marekani, alipata njia ya kuchanganya wimbi la stesheni na wimbi linalotengenezwa ndani ya redio yenyewe. Linatoka wimbi la tatu, ambalo masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) hayabadiliki hata uhame stesheni, na hilo ndilo linalokuzwa. Nyekundu ni ya wimbi la ndani. Tatu zilizobaki hupitisha hilo wimbi la tatu, la kilohezi 455. Ukizikorofisha, redio inakoroma tu. Ndiyo maana nilikuwa mkali.

FM nayo ni yake. Wewe hukuonja adha ya kusikiliza mpira huku radi zinapiga: ngurumo moja, na bao limekupita. Redio za zamani, za AM, zilibeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, na radi huingia humo humo kwenye nguvu. Armstrong aliiacha nguvu ikae palepale, akawa anabadilisha masafa. Hataza zake, yaani hati za kulinda uvumbuzi wake, zilitoka Desemba 1933, akafanya majaribio juu ya jengo refu la Empire State Building huko New York, kisha akasimamisha mnara wake huko Alpine, New Jersey.

Mwaka 1940 kampuni ya redio ya RCA, iliyoongozwa na rafiki yake David Sarnoff, ilitaka kumpa dola milioni moja ili itumie FM yake, wamalizane. Akakataa, kwa kuwa wengine walikuwa wanamlipa asilimia mbili ya mauzo. Mimi namwona alikuwa na haki. Mama yako anasema angechukua. Mwaka 1945 serikali ya Marekani ikaihamisha FM kutoka megahezi 42 hadi 50, ikaipeleka 88 hadi 108, hizo hizo za stesheni zako. Redio za FM zilizokuwa majumbani zikawa mapambo. Mwaka 1948 akaishtaki RCA kwa kutumia FM yake bila kumlipa. Kesi ikala fedha, ikala na ndoa: Marion, ambaye zawadi yake ya harusi mwaka 1923 ilikuwa redio ya kubeba (tena alikuwa katibu wa huyo huyo Sarnoff!), aliondoka. Mwanzoni mwa 1954 Armstrong alijiua.

Marion ndiye aliyezibeba kesi zake. RCA ikalipa mwaka ule ule, kiasi cha milioni ile ile. Ya mwisho, dhidi ya Motorola, aliishinda 1967.

Redio ya babu yako bado ipo kabatini. Ukija tutaifungua, ila njoo na bisibisi ya plastiki. Ya chuma inavuruga koili.

Baba yako