Maswali yenu kuhusu manowari Queen Mary na mizinga yake

Queen Mary si ndo ile meli ya abiria iko kule Marekani?

Hapana ndugu yangu, ile ya Long Beach ni nyingine kabisa, ilishushwa majini 1934. Hii ninayoisema ni manowari ya Waingereza, imejengwa Jarrow, ikashushwa Machi 1912 na kuanza kazi Septemba 1913. Ni batlikruza, yani inabeba mizinga mikubwa kama manowari nzito ila chuma chake cha kujikinga ni chembamba zaidi ili ikimbie, na ilikua inafika karibu kilomita 52 kwa saa.

Mizinga ilikua mingapi?

Mikubwa minane, mdomo wa kila mmoja milimita 343, imekaa miwili miwili kwenye tareti nne (tareti ni lile boma la chuma linalozunguka na mizinga yake). Kombora moja kilo 635 hivi, hiyo ni zaidi ya mifuko 12 ya simenti inarushwa kwa mpigo! Pembeni kuna midogo 16 ya kufukuzia boti za topido.

Sasa wanalengaje kitu kiko kilomita 15 na meli zote zinakimbia?

Swali zuri sana hili. Kombora la umbali huo linakaa hewani karibu nusu dakika, na adui anayekwenda kilomita 45 kwa saa anakua keshasogea zaidi ya mita 300, kwahiyo hupigi pale alipo, unapiga pale atakapokua. Queen Mary walikua na mashine inaitwa saa ya Argo, kazi ya mvumbuzi Mwingereza Arthur Pollen, unaipa umbali na mwendo wa adui halafu yenyewe inaendelea kukokotoa umbali unavyobadilika, na hii ni kabla ya kompyuta jamani, ni magurudumu na vyuma tupu. Afisa yuko juu anaangalia maji yanavyoruka makombora yakidondoka, yakimpita adui anapunguza, yakiwa mafupi anaongeza. Kabla ya Jutland (yale mapigano makubwa ya Waingereza na Wajerumani kwenye Bahari ya Kaskazini, 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia) wakaongezewa direkta, mtu mmoja juu analenga na mizinga mikubwa yote inafyatuliwa pamoja.

East Africa ilifika?

Haikufika. Ilipigana na Wajerumani Heligoland, hukohuko Bahari ya Kaskazini, 28 Agosti 1914, mapigano ya Dogger Bank Januari 1915 ikayakosa maana ilikua matengenezoni, halafu Jutland. Iliyokuja kwetu ni Königsberg ya Wajerumani, kruza nyepesi, ndo iliyoipiga Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, na mizinga ya hizo mbili ukienda Fort Jesus Mombasa utaiona.

Kama walikua hodari hivyo ilizamaje?

Hili linaniuma kila nikilisoma. 31 Mei 1916 pale Jutland walikua wanaipiga Seydlitz, batlikruza ya Wajerumani, na wanaipata kweli, kombora lao moja likawasha baruti kwenye tareti ya nyuma, lakini Seydlitz haikulipuka, kwasababu kule Dogger Bank yenyewe iliungua tareti mbili wakafa watu 159 na Wajerumani wakajifunza hapo kuzuia moto usishuke kwenye ghala la baruti. Waingereza upande wao walikua wanataka kupiga harakaharaka, baruti iko kwenye mifuko ya hariri, inarundikwa nje ya ghala, milango ya kuzuia moto inaachwa wazi isiwacheleweshe. Derfflinger, batlikruza nyingine ya Wajerumani, nayo ikaigeukia Queen Mary, na saa 10 na dakika 26 jioni ghala la mbele likalipuka meli ikakatika. Walikufa 1,266 wakapona 20. Wengine wanalaumu chuma chembamba peke yake, mimi sikubali, Lion, batlikruza nyingine ya Waingereza, siku hiyohiyo ilipigwa tareti ya katikati na ikapona kwasababu Meja Francis Harvey, ameumia vibaya anakaribia kufa, aliamuru ghala lijazwe maji.

Mabaki yapo?

Yapo, yalipatikana 1991 chini ya Bahari ya Kaskazini. Kwa sheria ya Uingereza ni kaburi la vita, mzamiaji haruhusiwi kutoa kitu.