Biskuti za oti na ndizi zinabaki laini ndani: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi. Watoto nimewaachisha biskuti za dukani, sasa naoka mwenyewe za oti: ndizi mbivu tatu, vikombe viwili vya oti za kuiva haraka na zabibu kavu kidogo. Siweki sukari wala unga. Oveni ninaiweka 180°C kwa dakika 15. Nje zinapata rangi, ndani zinabaki kama mkate wa ndizi usioiva, tena zinang'ang'ania trei. Nikizifungia kwenye kopo, siku ya tatu zimeota ukungu. Kosa liko wapi? Na umeme ukikatika naweza kutumia jiko la mkaa? Jambo la mwisho: baba yangu ana kisukari, hizi anaweza kula bila wasiwasi kwa kuwa hazina sukari? — Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, ulaini, kuganda kwenye trei na ukungu vyote vinatokana na maji. Ndizi mbivu iliyomenywa, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukiipima kwa kuhesabu, hujui umeweka kiasi gani: ndizi kisukari tatu na zile ndefu tatu zinaweza kupishana maradufu kwa uzito. Halafu dakika 15 hazitoshi kuyatoa maji hayo, ila zinatosha kukudanganya kwa rangi. Sukari ya matunda huwahi kubadilika kuwa kahawia kuliko sukari ya mezani, ndiyo maana biskuti inaonekana imeiva huku katikati bado ni uji.

Kwanza badilisha oti. Hizo za kuiva haraka zimekatwa ndogo na kubanwa nyembamba, zikikutana na ndizi zinalainika zote kwa pamoja. Tafuta zile zilizobanwa punje nzima, ambazo ukizimimina kiganjani kila moja inaonekana peke yake, pana kama gamba la samaki. Zile zilizokatwa vipande vigumu kama chenga usizitumie kabisa, zitatoka kama changarawe.

Vipimo vya biskuti 20 ni hivi: oti gramu 200, ndizi iliyomenywa gramu 200, tende bila kokwa gramu 100, zabibu kavu gramu 50, korosho au karanga zilizokatwakatwa gramu 40, mafuta ya nazi au siagi iliyoyeyushwa gramu 50, yai moja, mdalasini kijiko kimoja cha chai, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko. Chumvi usiiache. Pasipo sukari ya kuongeza, chumvi ndiyo inayoufanya utamu wa tende usikike. Ukipenda iliki, punje nne zilizotwangwa zinatosha. Mizani ya jikoni ni ya lazima hapa. Kikombe cha chai cha nyumba moja si kikombe cha nyumba nyingine.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Ponda ndizi, itie kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto wa wastani, koroga kwa mwiko dakika 6 hadi 8. Mwanzoni itatoa mvuke mwingi na kutapatapa, kisha itakaza na kugeuka rangi ya mchanga. Buruta mwiko katikati ya kikaango: ile njia ikijifunga upesi, bado, ikibaki wazi kwa sekunde mbili tatu ndipo ijifunge polepole, epua. Pima. Gramu 200 zinatakiwa kubaki kama 150. Gramu 50 zilizopungua ni maji ambayo oveni yako ingehangaika nayo. Acha ipoe kabla ya kutia yai, la sivyo utapata yai la kuvuruga.

Tende zikiwa laini, zikate na kuzisaga hadi ziwe kama gundi. Zikiwa ngumu zifukize kwa mvuke dakika 5 badala ya kuziloweka, maana ukiziloweka unarudisha maji uliyokwisha kuyatoa. Tende inafanya kazi mbili, utamu na kushikilia. Oti haina ile nguvu ya kuvutana iliyomo kwenye unga wa ngano, kwa hiyo pasipo tende na yai biskuti itavunjika mkononi. Saidia zaidi kwa kusaga gramu 60 kati ya zile oti 200 ziwe unga; zilizobaki ziache nzima.

Changanya vitu vya majimaji pamoja, mimina kwenye vikavu, geuza kwa mwiko mpaka usione oti nyeupe. Funika, acha dakika 30. Katika muda huo oti hunywa maji yaliyo huru na donge hukaza. Asiyesubiri huzioka oti zikiwa bado ngumu, kisha hulalamika kwamba biskuti zinatafunika kama pumba.

Biskuti hizi hazitambai trei kama za sukari na unga. Utakavyoiweka ndivyo itakavyotoka. Lowesha mikono, chota gramu 30, finyanga mviringo, kisha bana mpaka unene wa sentimita 1, upana kama 6. Mabonge yaliyoachwa mviringo ndiyo yanayobaki mabichi katikati. Zabibu zinazochungulia juu zisukume ndani kwa kidole, zikiachwa nje zinaungua na kuwa chungu. Tandika karatasi ya kuokea. Karatasi ya kawaida iliyopakwa mafuta si mbadala mzuri, na gazeti usithubutu, wino wake si wa kuliwa.

Oka 165°C dakika 20, geuza kila moja, shusha moto hadi 140°C, ongeza dakika 10. Usiamini rangi ya juu. Nyanyua moja uangalie tumbo lake: likiwa kahawia ukingoni na jeupe lenye unyevu katikati, rudisha. Kipimo cha uhakika ni mizani. Biskuti iliyoingia na gramu 30 inatakiwa kutoka na 25 hivi. Ikiwa bado na 28, maji yamo, hata iwe na rangi ya kuvutia namna gani. Ikitoka, iache dakika 5 juu ya trei ijikaze ndipo uihamishe.

Niseme wazi: haitakuwa kavu ya kuvunjika "kaa!" kama ya dukani. Sukari ya kawaida huganda upya biskuti inapopoa, na huko kuganda ndiko kunakoleta ule mlio. Sukari ya tende na ndizi hufanya kinyume, hushika unyevu, hata ule wa hewani, na hewa ya pwani unaijua. Utakachopata ni ukingo uliokaza na katikati pa kutafuna. Anayekuuzia mapishi ya oti na ndizi peke yake huku akikuahidi ukavu wa biskuti ya kopo, anakudanganya. Kuongeza asali hakusaidii, inavuta unyevu vilevile.

Kuhusu ukungu, zipoze kabisa kabla ya kuzifungia, saa nzima, juu ya wavu au chekecheo lililogeuzwa kichwa chini ili hewa ipite chini yake. Ukizifunga zikiwa vuguvugu, mvuke unapiga mfuniko, unadondoka, na ukungu unapata makao. Kwa joto la Tanga weka nje za siku mbili tu. Zilizobaki ziende friji, ambako zinakaa wiki, au friza, miezi miwili. Kabla ya kula zirudishe kwenye oveni 150°C kwa dakika 5.

Jiko la mkaa linafaa. Chukua sufuria kubwa nene, weka mchanga safi mkavu kina cha sentimita 2, funika, pasha dakika 15. Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, theluthi mbili hivi, chini ubaki kidogo tu, kwa sababu matumbo ya biskuti huungua kwanza. Kupima moto, nyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye sahani ya bati uiweke ndani: ukiwa kahawia kabla ya dakika moja, punguza mkaa, baada ya dakika 5 ukiwa bado mweupe, ongeza. Shida kubwa ya sufuria ni mvuke kukosa pa kutokea, biskuti zinachemka badala ya kuoka. Baada ya dakika 10 za kwanza pachika kipande cha waya mnene chini ya mfuniko upande mmoja uache upenyo, ukichunga majivu yasiingie. Oka chache chache, sita au nane, na jiko liwe nje au barazani. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Sasa mzee. Biskuti hizi hazina sukari ya kuongeza, lakini sukari imo. Tende ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, zabibu pia. Kwa vipimo vya hapo juu, kila biskuti ina takriban gramu 6 za sukari, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, mbali na wanga wa oti wenyewe, ambao nao hugeuka sukari mwilini. Zihesabiwe ndani ya wanga wa siku kama mkate au chapati, moja kwa wakati, na kiasi apange na kliniki yake, hasa kama anatumia dawa za kushusha sukari. Ukitaka za kwake pekee, punguza tende hadi gramu 50, toa zabibu, ongeza korosho gramu 50. Zitashikana kidogo tu, kwa hiyo tia yai la pili na uongeze oti iliyosagwa gramu 30.