Kamera ya watoto na mbio za punda
Dada, umeuliza uchukue Canon 2000D au Nikon D3500, kwa picha za watoto nyumbani na mbio za punda na mashua za Maulidi hapa Lamu. Chukua Nikon. Inapiga picha 5 kwa sekunde, 2000D inapiga 3 tu, na punda akishatoka mbio hamngoji mtu. D3500 haitengenezwi tena, kwa hivyo utaipata iliyotumika. Ijaribu kabla hujalipa.

Pesa zaidi ziweke kwenye lenzi. Ile ya kawaida ya mm 18-55 yatosha uani na barazani, lakini mashua zikiwa mbali haifiki. Tafuta ya mm 70-300, ivutayo mbali, iliyoandikwa AF-P (ina mota yake ya fokasi) na VR (hupunguza mtikisiko wa mkono). Angalia sana maandishi hayo: D3500 haina mota ya fokasi ndani, na lenzi kuukuu zilizoandikwa AF pekee itabidi uzizungushe kwa mkono. Mbioni huwezi.

Siku ya mbio weka S (hapo wewe ndiye uchaguaye kasi ya shata), shata 1/1000 ya sekunde, fokasi AF-C (humfuata anayekimbia).

Na nakuomba, usibadilishe lenzi ufuoni upepo ukivuma. Mimi nilibadilisha Shela, mchanga ukaingia ndani, na madoa yakatokea kwenye picha zote za harusi ya mdogo wangu.