Muulize Shangazi: Mwanangu anaenda misheni, simu itakuwaje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kijana wangu Mmormoni (wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) kaitwa misheni, yaani kwenda kuhubiri dini, Uingereza miaka miwili, nasikia kupiga simu nyumbani ni Krismasi na Siku ya Mama tu, silali. Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo ya zamani bana, tangu 2019 wamisionari wanaruhusiwa kupiga nyumbani kila wiki, siku yao ya maandalizi, ndo hiyohiyo wanafua na kununua chakula. Na hatokua peke yake, wanatembea wawili wawili muda wote, ila mwenzie anapangiwa, hachagui, anaweza pata mtu mkimya balaa au anayekoroma usiku kucha, hapo ndo penye kazi kuliko hata baridi. Kwahiyo acha kumfungashia dagaa gunia zima (kilo zitazidi), mfundishe kupika na kunyoosha mashati, na akipiga usimlilie, muulize kala nini.