Maswali na Majibu: Viziwi Kanisani

Maswali ya safari hii yote yanahusu viziwi na makanisa yetu. Baadhi nimeyafupisha.

Usharika wetu umetenga fedha za mkalimani wa lugha ya alama. Mwezi wa pili huu hajaja kiziwi hata mmoja. Tumekosea wapi? (Mzee wa kanisa, Iringa)

Shikamoo mzee wangu. Mmemtafuta mkalimani kabla ya kufahamiana na viziwi wenyewe. Wana viongozi wao na vijiwe vyao. Ulizeni tawi la CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kama lipo karibu. Ulizeni shule ya viziwi. Mkimpata fundi cherehani kiziwi pale sokoni, huyo atawafikisha kwa wenzake. Nendeni wawili au watatu, bila kamera wala mifuko ya mchele, mwasikilize wanataka nini. Huenda wakasema ibada itasubiri, kwanza wanahitaji mtu wa kuwatafsiria zahanati au mahakamani. Anzeni na hilo.

Darasa la lugha ya alama likianzishwa, mwalimu awe kiziwi, na alipwe kama mnavyomlipa mwalimu wa kwaya. Washarika kumi wanaoweza kusalimia na kuuliza habari za watoto wana faida kubwa kuliko mkalimani mmoja anayeaga mara baada ya baraka. Angalieni mnada wa sadaka ya mazao pale nje. Kuku anainuliwa, watu wanapandishiana bei, wanacheka, na kiziwi anabaki kutazama midomo. Mnadi aonyeshe kila bei kwa vidole, naye ataingia mnadani kama wengine.

Natafsiri kwa kujitolea. Nimewekwa kona ya nyuma ili nisiwasumbue waumini. Ni sawa? (Dada wa Mombasa)

Si sawa, dada. Simama karibu na mhubiri, kiziwi awaone wote wawili kwa mtazamo mmoja. Mwanga ukupige usoni. Dirisha likiwa nyuma yako uso unakuwa giza, na uso ni sehemu ya sarufi ya lugha ya alama. Vaa nguo isiyo na maua, ya rangi inayotofautiana na ngozi yako, mikono ionekane. Omba nyimbo na masomo tangu Jumamosi. Tafuta mwenzako mpokezane, maana kutafsiri saa mbili mfululizo kunachosha na makosa yanaanza. Mwambie mchungaji pia kwamba anaposema "tufumbe macho tuombe", viziwi watayaacha wazi, na asiwepo wa kuwakemea.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sioni sababu ya kanisa kuificha konani.

Tunaonyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta. Haitoshi? (Dar es Salaam)

Inasaidia, lakini haitoshi. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili, na wapo ambao hawakupata shule kabisa. Matangazo yarekodiwe kwa alama, yatumwe kwa video ya WhatsApp.

Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. Je, tusiwaombee kwanza wafunguliwe masikio? (Mwinjilisti kijana, Dodoma)

Mdogo wangu, Paulo hapo anazungumzia kuupokea ujumbe wa Kristo. Ujumbe huo unapokelewa kwa macho pia. Zakaria alipokuwa hasemi, watu walimwashiria, naye akaomba kibao akaandika (Luka 1:62-63).

Mtazame Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11. Alikwenda Ghana mwaka 1957 kama mmisionari, akaanzisha shule zaidi ya 30 za viziwi barani Afrika, na akafa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Alihubiri akiwa kiziwi hadi mwisho. Anayeomba kuombewa, mwombee. Lakini kumshika kiziwi mkono na kumpeleka mbele ya umati bila kumuuliza ni kumdhalilisha, na wengi wanaofanyiwa hivyo hawarudi tena.

Kiziwi ataungamaje? Padre wetu hajui alama. (Katekista, Tabora)

Tumsifu Yesu Kristo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 990, inaruhusu kuungama kwa mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Muungamaji amchague mwenyewe. Nyumba nyingi mkalimani ni mtoto anayesikia. Mzazi asilazimishwe kutaja dhambi zake kupitia mwanawe. Anayejua kuandika aandike, kisha arudishiwe karatasi yake hapo hapo. Na hapo Tabora mna shule ya viziwi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki miaka ya 1960. Mwombeni padre aanze kujifunza huko, hata saa moja kwa wiki.